Alama Nne

Mvua ilikuwa imekesha ikinyesha, na barabara ya udongo inayotoka kwetu hadi kwenye lami ililainika kiasi cha kupokea alama ya kila kilichopita: kwato, ndala za watoto wa shule, baiskeli ya muuza maziwa. Ndugu yangu alitangulia na pikapu. Mimi nilibaki kufunga lango, kisha nikamfuata kwa miguu, na hapo ndipo nilipoiona njia ya matairi.

Land Rover ya aina ya pikapu yetu ikiwa sawa, gurudumu la nyuma hukanyaga palepale palipokanyagwa na la mbele na kuifuta alama yake, kwa sababu upana kati ya magurudumu ya mbele ni sawa na ule wa nyuma. Tope hubaki na mistari miwili safi. Asubuhi ile kila mstari ulikuwa na ukingo wa pili kando yake, upande uleule, mbele na mbele mpaka kwenye kona. Nilichuchumaa nikaweka kidole gumba kati ya kingo hizo mbili. Kikaenea. Pikapu yetu ilikuwa inakwenda kiupande-upande kama kaa.

Tulikuwa tumeitoa gereji wiki moja tu kabla ya hapo, baada ya kuifanyia kazi miezi minne. Kila kipimo kilikuwa kwenye daftari langu, safu ya kushoto na safu ya kulia, na kila namba ya kushoto ilikuwa sawa na mwenzake wa kulia. Nilisimama pale tope likinipanda viatuni, nguvu zimeniishia.

Baba aliinunua pikapu hiyo mwaka 1984, ikiwa imetumika na wengine kabla yake. Ni Land Rover 109 ya Series III. 109 ni inchi za kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani milimita 2,769. Miaka hiyo ungeziona kwenye mashamba mengi ya Uasin Gishu, rangi zimepauka, mbwa amelala nyuma. Ya kwetu ilibeba mitungi ya maziwa kwenda kiwanda cha KCC, ikabeba magunia ya mahindi, na msimu wa kupanda ulipofika ikabeba mbolea. Ilibeba wagonjwa usiku, ikabeba kwaya, ikabeba maharusi wawili wa kijiji chetu. Mwishowe ilimbeba Baba mwenyewe kutoka mochari. Baada ya mazishi tuliiegesha chini ya mikaratusi, na miaka tisa ikapita.

Watu huniuliza kwa nini gari lenye bodi isiyoota kutu lilihitaji mihimili mipya ya chasisi. Jibu lake liko kwenye historia ya gari lenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo viwanda vya ndege viliiacha kwa wingi. Chasisi haikuwa na budi kuwa ya chuma, na kiwanda hakikuwa na mashine kubwa za kufinyanga mihimili, kwa hiyo walichukua mabamba bapa wakayachomelea manne manne yakawa kama sanduku refu. Bamba lenyewe lina unene wa milimita 2 hivi. Sanduku hilo ni jepesi na lina nguvu ajabu, ila lina uwazi ndani, na kinachoingia humo hakitoki kwa urahisi. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa nje unaona rangi nyeusi, unabisha kwa nyundo, inalia vizuri. Mwezi unaofuata bisibisi inazama kama kwenye mkate.

Kwetu kuna adui mwingine ambaye sijaona akitajwa vya kutosha: mbolea. DAP na CAN ni chumvi. Gunia likitoboka, punje huteleza kwenye nyufa za bodi na kutulia juu ya mihimili. Chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewa, na huku juu, mita zaidi ya 2,000 kutoka usawa wa bahari, umande wa asubuhi haukosekani. Tulipoinua bodi ya nyuma tulikuta chasisi imelika vibaya zaidi pale hasa Baba alipokuwa akipanga magunia ya mbolea, juu ya ekseli. Mbele, chini ya injini, ambako oili ilivuja miaka yote, chuma kilikuwa kizima kama kipya. Tangu siku hiyo kila mkulima mwenye pikapu ninayemfahamu namwambia jambo moja: ukishusha mbolea, osha gari siku hiyohiyo, na uelekeze maji kule chini.

Kazi tuliipeleka kwa fundi mzee mmoja wa Langas ambaye Baba alimwamini. Yeye ananiita mwalimu, kwa sababu nafundisha hisabati. Mimi namwita Mzee. Tulikubaliana tubadilishe mihimili yote miwili kuanzia nyuma ya giaboksi hadi mkiani, na mbele tusiguse. Hata sheria ilituelekeza hivyo. Namba ya chasisi ya Land Rover kama yetu imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye mguu unaoshikilia springi, na namba hiyo ndiyo iliyo kwenye logbuku. Ukiikata na kuitupa, utakuwa na mengi ya kuwaeleza NTSA, wanaosajili magari.

Mihimili mipya ilikunjwa kwa bamba la milimita 3. Ndugu yangu alitaka milimita 6, akisema gari la shamba halihitaji huruma. Mzee alimkatalia kwa upole. Chasisi ya gari hili huishi kwa kupinda kidogo, alisema. Ukiweka kipande kigumu kupita kiasi, kupinda kote kutahamia pale kipande kinapoishia, na ufa utaanzia hapo. Kwa sababu hiyohiyo hakukata mhimili wima. Alikata kwa mshazari, akaweka bamba la ndani, na ncha za mabamba ya nje akazichonga kama mkia wa samaki ili mshono usikae kwenye mstari mmoja. Nilimwona akichora mkia ule kwa chaki, anaufuta, anauchora tena, nikajua niko kwa mtu anayeipenda kazi yake.

Na tulipima. Tulifunga fremu kwa ango laini, vile vyuma vya pembe, kabla ya kukata, isije ikafunguka. Tulichagua taruma la nyuma ya giaboksi, chuma kile kinachokatiza kati ya mihimili miwili, kuwa mwanzo wa vipimo vyote. Kutoka hapo tulihesabu kwenda nyuma, kushoto na kulia. Tulipima ulalo pia, pembe hadi pembe, kwa kuwa umbo la pande nne zinazolingana mbili mbili bado linaweza kulala upande, na ulalo ndio unaolifichua. Ulalo mmoja ulikuwa sawasawa na wa pili. Nilifurahi kama mwanafunzi. Miaka yote nimekuwa nikiliandika jambo hilo ubaoni, na sasa lilikuwa limelala sakafuni, la chuma, na Baba angeliona.

Kulikuwa na dalili moja tuliyoipita. Siku ya kurudisha bodi ya nyuma, matundu ya bolti hayakukutana. Mkiani yalipishana kwa zaidi ya sentimita 2. Mtu akasema bodi za zamani hujikunja, mwingine akaleta drili, tukapanua matundu, bolti zikaingia, tukaenda kunywa chai. Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi. Gari lilikuwa linatuambia wazi, na sisi tukalitobolea matundu makubwa zaidi.

Asubuhi ile ya tope nilimpigia Mzee simu. Hakubisha, hakuuliza kama nimeangalia presha ya matairi. Alisema, "Ileteni." Tulipofika alikuwa ameshafagia sakafu ya saruji na kuosha kipande chote cha katikati. Akatoa timazi, ile ya waashi, na uzi mweupe.

Alichofanya ni rahisi kukieleza na sitakisahau. Aliiinua pikapu juu ya stendi, akaangusha timazi kutoka kila tundu la pini ya springi, mbele na nyuma, matundu manane. Chini ya kila ncha ya timazi mimi niliweka msalaba mdogo wa chaki. Kisha tukalisukuma gari pembeni. Palibaki sakafu tupu yenye misalaba minane, na kwa mara ya kwanza nikaiona chasisi bila gari juu yake, bila rangi, bila kumbukumbu zangu za utotoni kuning'inia kila mahali.

Alianza na misalaba minne ya mbele, ambako hakuna aliyewahi kukata. Ulalo ulikuwa sawa. Akatafuta katikati ya jozi ya kwanza, katikati ya jozi ya pili, akavuta uzi kupitia hapo na kuurefusha hadi nyuma kabisa. Kisha akapima kutoka kwenye uzi hadi misalaba ya mkiani, kushoto na kulia. Katikati ya nyuma ilikuwa imehama milimita 24.

Tukapima ile minne ya nyuma peke yake. Mstatili kamili. Hakuna mwalimu wa hisabati ambaye angeukosoa. Ulikuwa tu umekaa upande kuhusiana na nusu ya mbele, kwa pembe isiyofika hata digrii 1, jicho haliwezi kuiona, lakini tope liliiona.

Mzee akaenda chini ya gari na tochi na brashi ya waya. Nilisikia akikwangua muda mrefu. Aliponiita nilikuta amefikia chuma tupu pale taruma linapokutana na mhimili wa kushoto. Mshono wa kiwandani wa upande wa kulia ulikuwa mwembamba na tulivu. Wa kushoto ulikuwa mnene, una vinundu. Mtu fulani, kabla ya Baba au wakati wa Baba, aliwahi kulikata taruma lile na kulirudisha kwa macho, na upande mmoja ukakaa milimita 10 mbele ya mwingine. Miaka yote halikumsumbua mtu, kwa kuwa ekseli ilishikwa na mihimili ya zamani, si na taruma. Sisi ndio tuliolifanya mwanzo wa kila kitu.

"Tumepima vizuri, mwalimu," Mzee alisema, akiwa bado amelala chali. "Tumepimia mahali pabaya."

Hakumlaani fundi yule asiyejulikana. Alisema labda alikuwa njiani, usiku, mzigo mgongoni, na kazi yake ilimfikisha mwenye gari nyumbani. Kosa, kwa maoni yake, lilikuwa letu sisi tuliokuwa na mchana na sakafu na miezi minne.

Nilipokuwa na miaka kumi hivi nilishika mnyororo wa mpima ardhi. Shamba letu ni kipande cha shamba kubwa la mzungu lililonunuliwa na wanahisa wengi miaka ya 1970, na kabla ya mpimaji kuja, wenyewe waligawana kwa hatua za miguu. Baba na jirani yake walikuwa wanagombania mpaka, na wote wawili walihesabu kutoka mkaratusi mmoja mkubwa. Baba alikuwa na hesabu yake, jirani ana yake, na kila mmoja aliweza kukuonyesha kwa hatua kwamba yeye ni mkweli. Mpimaji alipofika aliupita ule mti bila kuutazama, akaingia kichakani, akafyeka karibu nusu saa akitafuta bikoni: kipande cha chuma ndani ya zege, kimefunikwa na majani. Baba alimuuliza kwa nini asianzie kwenye mti ambao kila mtu anaujua. Mpimaji akamjibu kwamba mti hunenepa.

Baba alipoteza hatua tatu za shamba siku hiyo. Jioni aling'oa nguzo za ua yeye mwenyewe, bila kungoja kuambiwa, akazihamisha. Nilidhani wakati ule ni unyonge.

Mji wetu wa Eldoret wenyewe umekaa juu ya swali hilihili la wapi pa kuanzia kupima. Wazee bado huuita Sikisti Foo. Wapo wanaosema 64 ilikuwa namba ya shamba katika ramani ya wapimaji, pale posta ya kwanza ilipowekwa. Wapo wanaosema ni maili 64 kutoka reli ilipokuwa imefika. Na ukitoka kwa barabara ya Webuye unapita Maili Nne, watu wanashuka na kupanda matatu hapo kila siku, jina limeganda, na ni wachache wanaojiuliza maili zile nne zilianza kuhesabiwa kwenye mlango gani.

Kazi ya pili ilichukua wiki tano. Ilikuwa ngumu zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu ilitubidi kukata kazi yetu wenyewe, mishono mizuri, rangi bado ina harufu. Lile taruma la zamani lilitolewa kabisa. Jipya lilipangwa kwa uzi wa katikati uliotoka mbele, na hapakupimwa chochote kutoka mahali pengine. Uzi ule ulikaa sakafuni wiki zote tano, umefungwa kwenye misumari miwili ya zege, na ole wake aliyeukanyaga.

Baada ya kupanga upana na urefu, Mzee alidai kipimo cha tatu ambacho mara ya kwanza tulikifanya juujuu. Ulalo unaweza kuwa sawa na fremu ikawa bado imejipinda, kona moja juu, kama kitanda cha kamba chenye mguu mfupi. Kwa hilo alitumia mpira mwembamba uliojaa maji, ule ule wa waashi wa kusawazisha msingi. Ncha moja mbele, ncha nyingine nyuma. Maji hujipanga yenyewe, hayajali sakafu imeinama wapi. Kona ya nyuma kulia ilikuwa chini kwa milimita 4. Tukaweka jeki, tukainua taratibu, tukangoja maji yatulie, tukapima tena.

Halafu kuchomelea. Sikuwa nimeelewa kwamba moto ni mkono unaovuta. Chuma cha mita moja kikipata joto la nyuzi 100 zaidi hurefuka karibu milimita 1.2, na mshono ukipoa husinyaa na kuburuta kila kilichoushika. Ukimaliza upande mmoja wote kwa mara moja, vipimo vyako vya wiki nzima vitakwisha kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo Mzee aliweka vidoto kwanza, pembe zote, akapima. Kisha sentimita 5 kushoto, akaacha, sentimita 5 kulia, akaacha, juu, chini. Kati ya hapo alingoja mpaka aweze kuweka kiganja juu ya mshono. Wakati mwingine tulifanya mishono minne kwa asubuhi nzima. Julai, Eldoret ni baridi, na tulikaa pale tumejifunika makoti tukiota joto la chuma kile.

Kungoja huko ndiko kulikotupa, mimi na ndugu yangu, muda wa kusemezana. Gharama ya kurudia kazi ilikuwa imetuchoma. Nilikuwa na daftari la pesa nilizotuma nyumbani tangu nilipoanza kufundisha, na siku moja nilizitaja, jumla yake. Yeye hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Wewe unahesabu kuanzia lini?" Nikamwambia mwaka. Akasema mwaka huo yeye alikuwa ameshaamka kukamua saa kumi za alfajiri kwa miaka sita, kwa sababu mimi nilikuwa chuoni, na karo yangu ilitoka kwenye mitungi ile. Daftari langu lilikuwa sahihi kila mstari. Sikuwa na la kumjibu. Fundi alihitaji mtu wa kumulika chini ya gari, nikachukua tochi nikaingia.

Mwishoni mwa wiki ya tano bodi ya nyuma ilirudishwa. Matundu ya bolti yalikuwa bado mapana kwa ajili ya makosa yetu ya kwanza, lakini sasa kila bolti ilisimama katikati ya tundu lake, na ikabidi tuweke washa kubwa kufunika uwazi pande zote. Ndugu yangu alitaka tuzibe na kutoboa upya. Mzee alisema tuache. Ndani ya mihimili tulimimina oili chafu, tukahakikisha matundu ya kutolea maji chini yako wazi, na nje tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya nyeusi.

Jambo la mwisho alilifanya pasipo kuagizwa. Alichukua ponchi na nyundo, akaenda mbele, karibu na pini za springi, kwenye chuma ambacho hakijawahi kukatwa, akagonga kitone kimoja kushoto na kimoja kulia. Akarudi nyuma akagonga viwili vingine kwenye mihimili mipya. Tulipima kati ya vitone vile vinne, urefu mara mbili, upana mara mbili, ulalo mara mbili. Kisha akaniambia niandike, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Nilifungua sanduku la zana lililo chini ya kiti cha abiria, nikageuza kifuniko, na kwa rangi nyeupe na brashi ndogo nikaandika namba zote sita, nikachora pale vitone vilipo. Chini yake, kwa herufi kubwa, Mzee alinisomea maneno na mimi nikayaandika kama alivyoyasema: FUNDI MWENZANGU, ANZIA MBELE. USIPIME KUTOKA KAZI YETU.